Tovuti kwa ajili ya wazee: mwongozo kwa watengenezaji wa Arusha na Moshi

Kabla hujawasha kompyuta, chukua karatasi uandike shughuli tatu ambazo mzee atazijia kwenye tovuti yako. Zikizidi tatu, punguza. Tuchukue SACCOS ya Moshi yenye wanachama wastaafu pamoja na wakulima wa kahawa wa Kibosho, Machame na Old Moshi. Mwanachama wa miaka 70 anataka kujua salio la akiba yake, siku ya mkutano mkuu, na namba ya kumpigia mhasibu. Hayo matatu yawe vitufe vitatu vikubwa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Historia ya chama, salamu za mwenyekiti na picha za uzinduzi zina haki ya kuwepo, ila zikae chini. Mfano huu wa SACCOS tutakwenda nao hadi mwisho, lakini hatua ni zilezile kwa zahanati, parokia au ofisi ya kata.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye miaka 60 na zaidi. Ndani ya kundi hilo yumo mwalimu mstaafu wa Njiro anayeshinda WhatsApp, na yumo bibi wa miaka 82 kule Rombo ambaye simu yake alirithi kwa mwanawe. Mtengenezee huyo bibi. Mwalimu hatapungukiwa na kitu.

Simu yenyewe ndiyo ya kuanzia kufikiria. Mara nyingi ni simu janja ya bei nafuu, kioo kina ufa, kumbukumbu imejaa picha za vikundi, na bando ni la siku. Upana wa skrini kwa hesabu ya kivinjari ni pikseli 360, wakati mwingine 320. Kwa hiyo sanifu ukurasa wa pikseli 360 kwanza, safu moja tu, na toleo la kompyuta lifuate baadaye.

Maandishi na rangi

Kuanzia miaka ya arobaini hivi lenzi ya jicho hukakamaa na kushindwa kuvuta vitu vya karibu. Baadaye hubadilika kuwa ya manjano, mboni nayo huwa ndogo, na wengi hupata mtoto wa jicho. Kila badiliko linadai kitu chake kwenye ukurasa.

Ukubwa wa maandishi ya kawaida uwe sawa na pikseli 18 hadi 20. Usiufunge kwa px (pikseli). Weka font-size: 112.5% kwenye html (hiyo ni 18 kwa kivinjari chenye kipimo cha kawaida cha 16), kisha pima kila kitu kingine kwa rem, kipimo kinachofuata ukubwa huo. Hapo mtu aliyekwisha kukuza maandishi kwenye kivinjari chake atayakuta yamekua na kwako. Nafasi kati ya mistari iwe 1.5 hadi 1.6. Panga maandishi upande wa kushoto, usiyanyooshe pande zote mbili: Kiswahili kina maneno marefu, na kwenye skrini nyembamba neno kama «watakapoidhinishiwa» huacha mapengo yanayomfanya msomaji apoteze mstari. Kwa sababu hiyohiyo usiweke urefu maalumu kwenye vitufe. Acha kitufe kiwe na mistari miwili kikihitaji.

Kuna mstari mmoja wa msimbo unaowaumiza wazee kuliko mingine yote. Kwenye meta ya viewport (mstari unaoieleza simu jinsi ya kupanga upana wa ukurasa), watengenezaji wengi hunakili maximum-scale=1 au user-scalable=no ili muundo usiharibike. Maneno hayo yapo pale kumzuia mtu asikuze ukurasa kwa vidole viwili. Baadhi ya vivinjari huyapuuza, vingine huyatii. Yafute. Baki na width=device-width, initial-scale=1. Halafu kuza ukurasa hadi asilimia 200 uone kama kuna maandishi yanayokatwa au kupandana. Hicho ni kiwango kinachodaiwa na WCAG, miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti.

Kwa rangi, WCAG inataka utofauti wa 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake, na 7 kwa 1 kwa daraja la juu zaidi. Kwa wazee shika 7. Kijivu #999999 juu ya nyeupe, ambacho wabunifu wanakipenda kwa «unadhifu», kina 2.85 tu. #767676 kinapita kwa kuponea chupuchupu, 4.54. #595959 ndicho kinafika 7. Sababu ya kushika kiwango cha juu ni hali ya matumizi: mzee husoma simu barazani, au kwenye benchi nje ya ofisi, jua la saa sita likiwa kwenye kioo, na mwanga unaoakisiwa unakula utofauti wote uliouhesabu ofisini. Epuka bluu iliyopauka kwa viungo, na usitenganishe mambo mawili kwa bluu na kijani, kwa sababu lenzi iliyogeuka manjano huzifanya rangi hizo zikaribiane. Kiungo kipigiwe mstari chini. Kosa lielezwe kwa maneno, rangi nyekundu iwe nyongeza tu.

Vidole

WCAG 2.2 ya mwaka 2023 inaruhusu eneo la kugusa la pikseli 24 kwa 24. Kwa mkono uliopalilia kahawa miaka hamsini hiyo ni ndogo mno. Weka 48 kwa 48, ambayo kwenye kioo ni kama milimita 9, na acha pikseli 8 au zaidi kati ya kitufe na kitufe. Usiweke «Ghairi» kando ya «Tuma». Viweke juu na chini, «Tuma» kikiwa na rangi iliyojaa na kingine kikiwa na mpaka tu.

Kioo cha simu hutambua kidole kwa sababu ngozi hupitisha umeme kidogo. Ngozi kavu au yenye sugu haitambuliki vizuri, kwa hiyo mzee hukandamiza zaidi na kwa muda mrefu. Akishikilia kwa nusu sekunde hivi, simu hudhani anataka menyu ya kunakili maandishi, na dirisha geni linajitokeza. Kwenye vitufe vyako zuia maandishi yasichaguliwe, kwa user-select: none. Wengine hufanya kinyume, wanagonga mara mbili harakaharaka, na ombi la mkopo linatumwa mara mbili. Mguso wa kwanza ubadilishe kitufe kisomeke «Inatuma, subiri…» na kisikubali tena. Kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) pia weka namba ya pekee kwa kila fomu, ili nakala ya pili ikifika itupwe. Kutegemea kitufe peke yake hakutoshi mtandao unapokatikakatika.

Usitumie kitu chochote cha kuburuta, kutelezesha pembeni au kuzungusha, wala picha zinazojibadilisha zenyewe: mzee akiwa katikati ya kusoma, tangazo limeshaondoka. Menyu ya mistari mitatu iandikwe «MENYU» au, bora zaidi, ifutwe na viungo vyote viwekwe wazi. Kitufe cha kurudi nyuma cha simu lazima kifanye kazi kama kawaida. Mtu akipotea ndicho anachokimbilia, na tovuti zilizojengwa kama ukurasa mmoja unaojibadilisha huwa zinamtoa nje kabisa badala ya kumrudisha hatua moja.

Maneno

Wazee wetu hawakujifunza lugha ya teknolojia kwenye kompyuta. Wameijifunza kwenye menyu za pesa za simu, walikopiga *150*00# na kujibu kwa namba. Kwa hiyo maneno yenye maana kwao ni yale ya huko: namba ya siri, thibitisha, kiasi, salio, rudi. «Nywila» ni neno sahihi la kamusi, lakini andika «namba ya siri». Badala ya «Wasilisha» andika «Tuma maombi». Badala ya «Ingia kwenye akaunti» andika «Angalia akiba yangu». Kitufe kitaje kitakachotokea. «Bofya hapa» haisemi kitu.

Weka lang="sw" kwenye lebo ya html. Violezo vingi vya tovuti huja na lang="en", na ukikiacha hivyo, programu inayomsomea mtu asiyeona vizuri itasoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, isieleweke hata sentensi moja.

Kuna suala la heshima pia, na si dogo. Mifumo mingi hunakiliwa ikiwa na salamu ya «Hujambo, Anna!» Mama wa miaka 74 haitwi jina tupu na mtu asiyemjua, na hakuna mtoto wa Kichagga au wa Kimeru atakayemwambia «hujambo». Andika «Karibu, Bibi Mushi», au «Karibu» pekee. Ujumbe wa makosa nao usikemee. «Kosa! Taarifa batili» inamwambia mzee kuwa ameharibu kitu, naye ataweka simu chini. Andika: «Namba ya simu ina tarakimu 10. Hapa zipo 9. Tafadhali angalia tena.» Ujumbe huo ukae juu ya kisanduku husika, na alichokwisha kuandika kisifutwe.

Saa na tarehe

Hapa ndipo tovuti zetu nyingi zinakosea bila kujua. Mkutano ukiandikwa «08:00», mzee anasoma saa nane, na saa nane ni mchana. Atafika mkutano umekwisha. Kuchagua Kiswahili kwenye maktaba ya tarehe hakutakuokoa, kwa sababu majina ya siku na miezi yatageuka lakini saa itabaki ya kizungu. Ibadilishe mwenyewe: chukua saa ya mfumo wa 24, ongeza 6, gawa kwa 12, baki ndiyo saa ya Kiswahili. Baki ikiwa sifuri, ni saa 12. Kwa hiyo 8 inakuwa 14, baki 2: saa 2:00 asubuhi. 14 inakuwa 20, baki 8: saa 8:00 mchana. Kisha taja kipindi: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Saa bila kipindi haijakamilika.

Tarehe iandikwe kwa maneno na siku ya wiki: «Jumamosi, tarehe 7 Machi». 07/03 inaweza kusomwa kwa njia mbili.

Fomu

Fomu ndiyo inayoua tovuti nyingi, kwa hiyo ipe muda kuliko ukurasa mwingine wowote.

Uliza jambo moja kwa skrini moja. Fomu ya visanduku 12 kwenye ukurasa mmoja igawe skrini 12, kila moja ikiwa na swali juu, kisanduku katikati na «Endelea» chini, pamoja na maandishi ya «Swali la 3 kati ya 12». Inaonekana ndefu, lakini mzee anapokosea anajua amekosea wapi. Jina la kisanduku liwe juu yake muda wote. Yale maandishi hafifu yaliyo ndani ya kisanduku hutoweka mtu akianza kuandika, naye husahau alikuwa anajibu nini.

Namba ya simu iwe na type="tel" ili kibodi ya namba kubwa itokee. Usitumie type="number", kwa sababu sifuri ya mwanzo hupotea kirahisi thamani inapogeuzwa kuwa hesabu. Pokea 07…, 06…, 255… na +255…, zikiwa na nafasi au bila, kisha usafishe mwenyewe kwenye seva. Ni kazi ya dakika kumi kwako.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, katika mafungu ya 8, 5, 5 na 2. Kubali vistari na ukubali bila vistari. Usigawe visanduku vinne vinavyorukaruka vyenyewe, mtu akitaka kurekebisha tarakimu ya fungu la pili hujikuta la nne. Kisanduku kimoja kirefu, na chini yake uonyeshe alichoandika kikiwa kimegawanywa kwa mafungu ili alinganishe na kitambulisho. Tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo ukishaipata namba huna sababu ya kuuliza tarehe hiyo tena. Na kama huihitaji NIDA, usiiombe kabisa: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, unachokusanya unawajibika nacho.

Pale ambapo NIDA haipo, tarehe ya kuzaliwa iandikwe kwa visanduku vitatu, siku, mwezi, mwaka. Kalenda ya kubonyeza ni adhabu kwa mtu aliyezaliwa 1949, kwani atabonyeza mshale wa kurudi nyuma mamia ya mara. Wapo pia wanaojua mwaka tu. Ruhusu hilo.

Makazi yaulizwe kwa mkoa, halmashauri, kata, kisha kijiji au mtaa. Orodha ya kushuka ina mistari midogo na huteleza chini ya kidole. Mkoa wa Kilimanjaro una halmashauri saba: Manispaa ya Moshi, Moshi Vijijini, Hai, Siha, Rombo, Mwanga na Same. Saba zinatosha kuwa vitufe saba. Arusha nayo ina saba: Jiji la Arusha, Arusha Vijijini, Meru, Monduli, Longido, Karatu na Ngorongoro. Baada ya hapo weka kisanduku cha maneno ya kawaida, «Ni karibu na wapi?», maana anwani ambayo kila mtu anaielewa ni ya kanisa, shule au duka.

Tatizo linalofuata halionekani kwenye simu yako ya gharama. Mzee anafika kwenye skrini ya kuthibitisha, SMS yenye tarakimu sita inaingia, anatoka kwenda kuisoma, anarudi, na fomu ni tupu. Simu yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 1 au 2 hukitupa kivinjari ili kupata nafasi ya programu nyingine, na ukurasa huanza upya. Dawa ni kuhifadhi kila jibu kwenye seva mara anapobonyeza «Endelea», na kumrudisha pale alipoachia. Usihifadhi kwenye simu yenyewe kwa muda mrefu, kwa kuwa simu hiyo mara nyingi hutumiwa na watu watatu nyumbani. Kwenye kisanduku cha SMS weka autocomplete="one-time-code" ili kibodi ipendekeze namba yenyewe, na muda wa namba hiyo kuisha uwe dakika 10, si 2. Ukurasa ukilazimika kujifunga kwa usalama, uonye kwanza na utoe kitufe cha «Bado nipo». WCAG inataka mtu apewe angalau sekunde 20 za kujibu onyo hilo.

Msaidizi na steshenari

Wazee wengi hawajazi peke yao. Wanasaidiwa na mtoto aliye Dar kwa simu, au wanateremka mjini kwenye steshenari na kumwomba kijana wa pale awajazie. Sanifu ukilijua hilo. Swali la kwanza la fomu liwe «Unajaza kwa ajili yako au kwa niaba ya mtu mwingine?» SMS ya uthibitisho iende kwenye simu ya mzee mwenyewe kila mara, ikitaja kilichofanyika: «Maombi ya mkopo wa TSh 500,000 yamepokelewa leo saa 4:20 asubuhi. Kama si wewe, piga…» Kitufe cha «Toka» kionekane kwenye kila skrini baada ya kuingia, kwa sababu kompyuta ya steshenari inatumiwa na watu wengi kwa siku.

Ukurasa wa risiti uchapike vizuri kwenye A4 moja, maandishi meusi, bila menyu wala picha. Karatasi hiyo ndiyo atakayoikunja na kuihifadhi.

Wazee wanaogopa kutapeliwa, na wana haki. Kila mmoja amewahi kupokea ujumbe wa «ile hela itume kwenye namba hii». Weka sentensi hii karibu na sehemu yoyote ya malipo: «Hatutakuuliza namba yako ya siri ya pesa kwa simu wala kwa SMS.» Namba ya ofisi ionekane juu ya kila ukurasa, ikiwa kiungo cha tel: chenye +255 ili kugusa tu kupige, na saa za kazi ziandikwe pembeni. Namba hiyo ipokelewe. Namba isiyopokelewa inaua imani haraka kuliko tovuti mbovu.

Uzito na sauti

Ukurasa wa kwanza usizidi KB 500. Tumia fonti zilizomo kwenye simu, picha moja au mbili za WebP, na video isijicheze yenyewe, kwa maana inakula bando la mtu bila ruhusa. Baadhi hutumia kivinjari cha Opera Mini kuokoa data, na katika hali yake ya kubana zaidi JavaScript (msimbo unaoendesha vitendo vya ukurasa) huendeshwa kwenye seva za Opera kwa muda mfupi tu. Hivyo fomu iweze kutumwa hata bila JavaScript.

Usiweke fomu ya PDF ya kupakua. Inapotea kwenye mafaili ya simu, na ikipatikana haijaziki.

Kwa wasioona vizuri au wasiopenda kusoma, kitufe cha «Sikiliza» kina msaada mkubwa. Sauti ya mtu mmoja kwa mp3 ya kbps 32 ni KB 240 kwa dakika. Isomwe polepole na mtu mwenye sauti nzito kiasi, kwani usikivu wa sauti nyembamba ndio hutangulia kupungua, na bila muziki nyuma.

Kupima mikononi mwao

Tafuta wazee watano kwa awamu ya kwanza: wanawake na wanaume, wa mjini na wa vijijini, angalau mmoja aliyepita miaka 75. Utawapata kwenye kikao cha chama, kliniki ya presha, au nje ya kanisa au msikiti baada ya ibada. Salimia kwa shikamoo, omba ruhusa, na sema wazi kuwa mnaipima tovuti, si yeye. Warudishie nauli. Watumie simu zao wenyewe, na kipimo kimoja kifanyike nje juani.

Usiulize «umeipenda?» Mzee mwenye adabu atakujibu «ni nzuri, mwanangu, mmefanya kazi», nawe utaondoka hujajua kitu. Mpe kazi: «Tafadhali tafuta siku ya mkutano mkuu», kisha «niambie ni saa ngapi utatoka nyumbani». Swali la pili ndilo litakaloonyesha kama saa imesomeka. Kaa ubavuni kwake, usiiguse simu, usielekeze kwa kidole. Andika sekunde zinazopita kabla ya mguso wa kwanza, miguso iliyokosea, na mahali aliporudi nyuma. Akinyamaza, nawe nyamaza mpaka sekunde 30 zipite, ndipo umuulize anatafuta nini. Wawili kati ya watano wakikwama mahali pamoja, parekebishe kabla ya kumwita wa sita, na raundi ya pili ifanywe na watu wengine, maana wa kwanza wameshajifunza.

Baada ya tovuti kwenda hewani, mtu atataka kuongeza bango la sikukuu juu ya ukurasa. Akishaliweka, fungua tovuti kwenye simu ya pikseli 360, kuza maandishi hadi asilimia 200, na utoke nje mchana. Kama vile vitufe vitatu vya mwanzo haviingii tena kwenye skrini ya kwanza, bango literemshwe chini.